Nembo ya mkono ikae mkononi: kutoa tatuu kwenye ngozi na kuipeleka kwenye kitambaa

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa pili ubunifu wa mavazi na vitambaa, Dar es Salaam. Kwa kazi yangu ya mwisho nimechagua tatuu. Bibi mzaa mama ni Mmakonde wa Newala, ana nembo, yaani michoro ya chale, usoni na mikononi. Nilimpiga picha, nikaingiza mistari ya uso wake kwenye kompyuta, nikairudia kitambaa kizima. Mwalimu wangu alipoiona alisema inafanana na marumaru za bafuni. Mama mkubwa yeye alinyamaza kwanza, halafu akauliza, "Kwa hiyo uso wa mama unakwenda kukaliwa na watu?" Nimekwama. Nifanyeje kazi ionekane ni tatuu kweli, na je, nina haki ya kuitumia?

Jibu:

Marahaba, mwanangu.

Mwalimu wako na mama yako mkubwa wamekuambia jambo moja kwa midomo miwili. Mmoja ameona mchoro usiojua uko wapi, unaojirudia kama marumaru kwa sababu hauna sababu ya kuwa hapa badala ya pale. Mwingine ameona uso wa mama yake ukiwa mahali ambapo uso haukai. Wote wawili wanazungumzia mahali. Chale huchanjwa mara moja, kwenye kiungo kimoja cha mtu mmoja, ikafuata mviringo wa kiungo hicho na kuishia pale kiungo kinapoishia. Kitambaa hutoka kiwandani mita kwa mita, hakijui bega wala goti. Ukichukua mstari wa chale ukausahau mahali pake, umebaki na pembe na zigizaga ambazo mtu yeyote mwenye rula angeweza kuzichora.

Kwa hiyo weka kompyuta pembeni kwa wiki mbili, turudi kwa bibi.

Unajua kwamba kwa Kimakonde michoro hii huitwa dinembo. Fundi wake ni mpundi, na kifaa chake cha kuchanjia ni chipopo. Baada ya kuchanja, mpundi alipaka mkaa wa mbarika ndani ya chale, na mkaa ule ukikaa chini ya ngozi ya kahawia hauonekani mweusi. Unaonekana wa buluu iliyokolea. Kazi ilirudiwa zaidi ya mara moja juu ya chale zilezile mpaka rangi ikolee. Michoro yenyewe ni pembe zilizopangwa moja ndani ya nyingine, zigizaga, mistari iliyonyooka, mara mojamoja duara, nukta, umbo la almasi au mnyama. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, kwenye uwanda wa Mueda huko Msumbiji, Jorge Dias na Margot Dias kutoka Ureno waliiandika na kuipiga picha katika safari zao za utafiti kati ya 1957 na 1961, wakati desturi yenyewe bado ikiendelea. Kizazi cha bibi yako ni cha mwisho mwisho kuwa nayo mwilini. Hilo peke yake linatosha kukufanya uende polepole.

Sikiliza pia neno lenyewe. Kwa Kiswahili cha leo nembo ni ile alama ya benki, ya timu, ya chama; tuna Nembo ya Taifa. Lakini kamusi zetu bado zinakumbuka kwamba nembo ni chale za usoni, na kwamba kuzichanja ni kutoja. Katika maana zote mbili ni alama inayosema huyu ni nani na ametoka wapi. Mama yako mkubwa alipoona kitambaa chako hakuona pambo, alisoma jina. Ndiyo maana alinyamaza kwanza.

Wabunifu wakubwa waliofanya kazi na tatuu wakafanikiwa walianza na mwili, si na mchoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mjapani Issey Miyake alitoa vazi la kubana la rangi ya ngozi lenye sura za wanamuziki Jimi Hendrix na Janis Joplin, ambao wote walifariki mwaka 1970, zikiwa zimechorwa kwa namna ya tatuu za Kijapani. Mfaransa Jean Paul Gaultier, katika mkusanyo wake wa 1994, alichapa tatuu kwenye blauzi za nyavu laini zinazoshika mwili, hata mtu wa mbali asijue ngozi inaishia wapi na kitambaa kinaanzia wapi. Ukiziangalia picha za mavazi hayo utaona mchoro wa kifua uko kifuani na wa mkono uko mkononi. Hayakukatwa kwenye jora lenye maua yaliyotapakaa.

Upande wa pili kuna kisa cha Nike, mwaka 2013. Walitoa suruali za kubana za wanawake zenye michoro ya pe'a, tatuu ya wanaume wa Samoa inayoanzia kiunoni hadi magotini. Wasamoa walilalamika, na kampuni ikaziondoa sokoni. Wanafunzi wengi wakisikia kisa hiki hukomea kwenye neno "waliiba". Mimi nakuomba uone na kosa la ubunifu lililokuwa ndani yake: wanawake wa Samoa wana tatuu yao, malu, yenye michoro yake na nafasi zake. Aliyechora suruali ile alichukua cha mwanamume akamvika mwanamke. Mstari aliuona vizuri kabisa, mahali pake hakupauliza.

Sasa kazi ya mikono. Tafuta fulana kuukuu nyeupe inayobana, yenye mikono mirefu. Mvalishe mwenzako wa darasa. Chukua makapeni, mwambie asimame, akae, anyooshe mkono kama anayesimamisha daladala, akunje kiwiko. Kila anapogeuka, tazama kitambaa kinavutika wapi na kinajikunja wapi. Ndipo uchore, ukifuata mkono wenyewe: mstari uzunguke pale mfupa unapozunguka, pembe zisogeleane karibu na kifundo na ziachane kuelekea kwenye bega. Usipime kwa rula hatua hii. Ukimaliza, mvue, ukate fulana kwenye mishono yake yote, uitandaze mezani. Utashangaa. Mistari uliyoiona imenyooka mwilini itakuwa imepinda kama upinde, na pembe zilizokuwa sawa zitakuwa na ukubwa tofauti. Huo mpindo ndio tatuu inayotafutwa na mwalimu wako. Hiyo ndiyo ramani yako. Ihamishie kwenye karatasi ya kaki pamoja na mistari ya mshono, halafu ndipo uiingize kwenye kompyuta ukitaka.

Na hapa nikuonye kwa jambo lililonigharimu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilichora magauni yenye mchoro mmoja mkubwa wa kukaa mgongoni, nikampelekea fundi kitambaa kilichokwisha chapwa. Fundi aliyapanga mapande kama anavyoyapanga siku zote, ili kitambaa kisipotee, na mchoro wangu ukaangukia kwapani katika magauni yote. Sikumlaumu. Sikuwa nimeweka mshale wa juu na chini, wala alama ya katikati ya mgongo, wala neno moja la maandishi. Weka mshale kwenye kila pande. Weka nukta mbili zinazoonyesha mchoro unapokutana na mshono. Kaa na fundi anapokata.

Ukiamua kutumia kitambaa cha kuvutika, kumbuka kwamba rangi iliyolala juu ya uzi hupasuka kitambaa kinapovutwa, na weupe wa chini huchungulia. Wale wanaochapa jezi za mpira mtaani hutumia joto kupitisha rangi mpaka ndani ya poliesta yenyewe, ndiyo maana namba ya mgongoni haipasuki. Njia hiyo itakufaa, ila haifanyi kazi kwenye pamba na inataka kitambaa cheupe au cha rangi nyepesi. Jaribu kipande, kivute kwa nguvu, kitazame kwenye jua kabla hujalipia mita zote.

Lakini mimi, kwa kazi yako hii, nisingekwenda kwenye jezi. Ningekwenda kwenye nta.

Fikiri jinsi batiki inavyofanya kazi. Unapochora kwa nta, mstari wako unazuia rangi, kwa hiyo mstari hubaki mwepesi na uwanja unakuwa mzito. Tatuu ni kinyume chake: mstari ndio mzito. Wanafunzi wengi hawalioni hili, wakachora nembo kwa brashi ya nta na kupata mistari myeupe kama chaki kwenye ubao. Geuza kazi. Chovya kwanza bafta yako kwenye rangi ya kahawia, ile kahawia ya mkono wa bibi, iache ikauke kabisa. Ipake nta kitambaa kizima, tabaka jembamba. Nta isiwe ya moto kupita kiasi, maana ukiichemsha sana inazama ndani ya uzi na huwezi kuikwangua tena. Kisha uchukue kifaa chenye ncha butu, mfano sindano ya kushonea magunia iliyosuguliwa, ukwangue mistari yako ndani ya nta mpaka uone kahawia. Usikate uzi. Halafu upake nili au rangi ya buluu kwa brashi, uisugue iingie kwenye mikwaruzo, na urudie mara ya pili na ya tatu.

Unaona umefanya nini? Umechanja, umepaka, umerudia mpaka rangi ikolee, na buluu imekaa juu ya kahawia kama ilivyokaa kwenye ngozi. Huna haja ya kuandika kwenye maelezo yako kwamba "umehamasishwa na" mpundi. Mkono wako umefuata hatua zake, na mtu wa jopo la kukagua kazi yako mwenye jicho ataliona hilo kwenye ukingo wa mstari, ambao hautakuwa mkali kama wa kompyuta. Utakuwa na kutawanyika kidogo, kama wino unavyotawanyika kwenye ngozi iliyozeeka.

Kuhusu nta yenyewe: nta ya mishumaa peke yake ni kavu, hupasuka na kuacha mishipamishipa kila mahali. Inapendeza kwenye batiki nyingine, hapa itakuharibia. Mimi huchanganya sehemu mbili za nta ya nyuki kwa moja ya mshumaa. Iyeyushe kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Rangi ya kuchovya nayo iwe imepoa, la sivyo itaiyeyusha kazi yako ukiwa unaitazama. Na kama rangi unazonunua zinatumia kostiki soda, vaa glavu na ufanyie kazi nje penye hewa.

Kuna jambo lingine kuhusu nta ninalolipenda sana. Kwenye vinyago vya mapiko, vile vya kuvaa kichwani vya ngoma za jando, wachongaji wa Kimakonde mara nyingi hawakuchanja nembo kwenye mti. Walikanda nta ya nyuki ikawa nyuzi nyembamba, wakaibandika usoni mwa kinyago, nembo ikainuka. Nenda Makumbusho ya Taifa ukatazame kazi za Wamakonde, uangalie kwa karibu alama zilizo usoni. Ukitaka kuipata hali hiyo kwenye nguo, tumia mshono: weka kamba nyembamba ya pamba kati ya vitambaa viwili, shona pande zote mbili za kamba, mstari utainuka na kidole kitausoma gizani. Ni kazi ya siku nyingi. Fanya kwenye kipande kimoja tu, kola au mkono, usijaribu gauni zima kwa muda ulio nao.

Sasa marudio. Sisemi kitambaa kisirudie kitu kamwe. Kiwanda hakiwezi kuishi bila marudio. Mashine nyingi za kuchapa kwa mitungi zina mzingo wa sentimita 64, maana yake mchoro wako lazima ujifunge ndani ya urefu huo au katika kipimo kinachoingia humo bila baki: 32, 16, na kuendelea. Ila kuna watu walioishi kati ya ngozi na kitambaa kwa muda mrefu kabla yetu, nao ni Wakuba wa Kasai, Kongo. Wanaume walifuma kitambaa kwa nyuzi za rafia, wanawake wakakitarizi, na michoro mingi ya tarizi hizo ndiyo ileile iliyokuwa ikichanjwa kwenye miili ya wanawake. Tazama kitambaa kimoja cha Kikuba kwa utulivu. Pembe zinaanza upande mmoja kwa mpango, katikati mpango unabadilika, mstari unanenepa, unakatika, unarudi kwa njia nyingine. Jicho halichoki. Usiyaige maumbo yao, ni yao. Jifunze ujasiri wa kuvunja mpango. Chora kwa mkono mara sita au saba mchoro uleule mmoja, usichague ulio bora, utumie yote kwa zamu. Hutakuwa na marumaru tena.

Na kama kazi yako itakuwa nguo ya kujifunga, basi una bahati, kwa sababu pwani yetu tayari ina kitambaa kinachojua mahali. Khanga ina pindo, mji na jina. Ina takriban sentimita 150 kwa 110, na mwanamke anapojifunga anajua pindo litapita wapi na jina litakaa wapi. Kitenge hakina hilo. Bangili za chale zinazozunguka mkono wa bibi ni pindo kwa asili yake: mstari unaozunguka kiungo na kukifunga. Ziweke kwenye pindo, uache mji wazi kabisa, kahawia tupu. Najua vishawishi vya kujaza. Acha wazi. Ngozi nyingi ya bibi haina nembo, na ndiyo inayofanya nembo zionekane.

Tufike kwenye haki, maana ndilo swali lililokunyima usingizi. Wewe ni mjukuu, si kampuni ya mbali, na huko kuna uzito. Lakini ujukuu haukupi kila kitu. Nembo za Wamakonde hazikukaa usoni na mikononi tu. Nyingine zilichorwa kitovuni na mapajani, mahali asipopaona kila mtu. Hata bibi akikuonyesha hizo kwa upendo, zibaki kwenu wawili. Uso pia ningeuacha, kwa sababu ya swali la mama yako mkubwa. Chukua za mikono, uziweke kwenye mikono ya blauzi au kwenye pindo la juu la khanga ya kutanda. Hapo hakuna atakayezikalia.

Muombe bibi ruhusa kwa kumwonyesha kitambaa chenyewe, si kwa kumweleza kwa maneno. Mpe kipande cha majaribio akishike. Muulize alichanjwa wapi, na nani, kila mchoro wanauitaje, na upi angependa usitumike. Andika majina kama anavyoyatamka yeye, kwa Kimakonde chake cha Newala, hata kama ukikuta yameandikwa kwa namna nyingine mahali pengine. Na kama atasema hapana, basi ni hapana. Wamaori wa New Zealand wametupa njia nzuri kwa hali hiyo: wanatofautisha moko, tatuu yenye nasaba ya mwenyewe ndani yake, na kirituhi, mchoro wa mtindo uleule usiodai ukoo wa mtu. Wewe pia unaweza kujifunza sarufi ya pembe na mistari kwa bibi, kisha ukatunga sentensi yako mwenyewe.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inagusa pia kazi za jadi za jamii, Kenya ina sheria yake ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijadi, na mwaka 2010 nchi za ARIPO, shirika la kanda la Afrika la haki za ubunifu, zilikubaliana Itifaki ya Swakopmund kuhusu mambo hayohayo. Kwa kazi ya darasani hutasumbuliwa. Siku ukitaka kuuza, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, uulize kabla ya kuchapa, na mapatano yoyote ya fedha yaandikwe pamoja na bibi na mama zako.

Utakapokwenda Newala, beba futikamba. Pima mkono wa bibi: kutoka kifundo hadi nembo ya kwanza, kutoka hapo hadi ya pili, kutoka kiwiko hadi ya mwisho. Andika vipimo hivyo kwenye karatasi ya kaki, na ukiikata blauzi kwa saizi ya mwanamitindo, panua mkono upendavyo, ila uwiano wa nafasi zile usiuguse. Fulana uliyochorea usiitupe. Itundike ukutani siku ya jopo kando ya blauzi. Na kitambaa kichemshe kwanza kwenye maji ya sabuni, nta yote itoke, ukisuuze mpaka maji yawe meupe, ndipo ukate. Buluu ya siku ya kwanza hudanganya. Inayobaki baada ya kufua ndiyo utakayoilinganisha na mkono wa bibi.